Shajara ya mradi: msimu wa buabua, kisiwa cha Ascension

Novemba, wiki ya kuwasili

Kwa wanaoanza kusoma leo, Ascension ni kisiwa cha volkano katikati ya Atlantiki, kusini kidogo ya ikweta. Pwani ya Afrika iko kilomita 1,600 hivi, na Brazili iko mbali zaidi ya hapo. Eneo lake ni kilomita za mraba 88, na sehemu kubwa ni lava, majivu na vilima vyekundu visivyoota kitu. Kijani kipo juu tu, Green Mountain, mlima wa mita 859 unaonasa mawingu. Wakazi ni mia nane hivi, wengi wao watu wa St Helena, na kila mmoja yupo kwa sababu ya kazi. Ukimaliza kazi, unaondoka.

Kazi yetu sisi ni buabua, ndege wa baharini. Tunahesabu wanaotaga kwenye tambarare za kusini-magharibi, tunafuatilia mayai hadi makinda, tunapima panya wanakula kiasi gani, na pakipatikana nafasi tunavuka upande wa mashariki kutazama firigeti, ndege mwingine wa baharini, mkubwa zaidi. Daftari la makoloni liko mikononi mwangu, ndiyo maana shajara hii inaandikwa na mtu wa Lamu wala si na mkuu wa timu.

Buabua wenyewe ni wale wa rangi ya masizi: mgongo mweusi ti, tumbo na paji la uso jeupe pe, mkia panda. Wasomaji wa kwetu wasidhani ni ndege wa kigeni. Wanataga pia Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha bahari kuu kusini-mashariki ya Unguja, na mvuvi yeyote anayefuata jodari nje ya miamba amewaona wakizunguka juu ya maji. Manyoya yao hayahimili maji sawasawa, kwa hiyo hawaogelei kama shakwe. Kinda akiruka kutoka hapa anaweza kukaa miaka kadhaa hewani bila kukanyaga ardhi, kisha anarudi kuzaliana akiwa na umri wa miaka 6 hivi, au zaidi.

Novemba, katikati

Bado hawajatua. Kila jioni jua likizama wanakusanyika juu ya Mars Bay, mojawapo ya tambarare hizo za kusini-magharibi, wanazunguka na kupiga kelele hadi alfajiri, kukicha wanarudi baharini. Mchana tambarare ni tupu, usiku ni kama soko. Kelele zake zinafika mbali. Hata uwanja wa ndege wa hapa, Wideawake, yaani “macho kabisa”, umepewa jina la ndege hawa, kwa kuwa ukiwa karibu nao usingizi hupati.

Tumekubaliana kutokanyaga eneo la kutagia mpaka mayai yawe mengi. Ukiingia mapema, wakati jozi bado zinagombea nafasi, wanahama, na ukiharakisha hivyo utakuwa umehesabu hofu yako mwenyewe. Kwa hiyo tunakaa juu ya kilima cha majivu na darubini, tunaandika wanatua wapi, tunarudi.

Watu wananiuliza msimu wao ni mwezi gani. Jibu ni kwamba hauna mwezi. Kwingi duniani buabua masizi hutaga mara moja kwa mwaka. Hapa Ascension wanarudi kila baada ya miezi 9.6, yaani mara tano katika miaka minne. Mmarekani James Chapin aliandika juu ya kalenda yao mwaka 1954, na msafara wa wataalamu wa ndege wa Uingereza uliokaa hapa 1957 hadi 1959, ukiongozwa na Bernard Stonehouse, uliithibitisha kwa kukaa na kuhesabu. Miezi 9.6 iko karibu sana na miezi kumi ya mwandamo, na Chapin alikwishaanza kuufikiria mwezi kuwa ndio saa yao. Sisi tuliokua tukiuona Ramadhani ukitembea mwaka mzima, kutoka kaskazi hadi kusi, hatuhitaji maelezo marefu. Wenzangu wa Ulaya walihitaji grafu.

Faida ya kalenda ya namna hii sijaisikia ikielezwa kwa namna iliyoniridhisha. Ninachoona ni kwamba bahari ya hapa haina msimu mkali wa neema na msimu mkali wa njaa, kwa hiyo ndege akishapona uchovu wa kulea na kubadili manyoya, hana sababu ya kungoja mwaka utimie.

Desemba, mwanzo

Wametua. Leo tumezunguka mpaka wa koloni la Mars Bay tukiwa na GPS mkononi. Kusema “tumezunguka” ni kupunguza mambo. Lava ya hapa ni ya aina ya mapande makali yanayolia kama vigae chini ya kiatu na kukata soli, na koloni halifuati mstari wowote: linaingia kwenye bonde la majivu, linapanda mgongo wa lava, linaacha kisiwa kitupu katikati, linaendelea. Kila ukifika mahali unajiuliza kama yai lile la pembeni ni la koloni au la mpweke. Kanuni yetu ni hatua chache kutoka yai la mwisho, basi. La muhimu ni kila anayehesabu afuate kanuni ileile ili mwaka huu ulinganishwe na uliopita. Jeshi la Uingereza lina chama chake cha watazama ndege ambacho kimekuwa kikija kuwahesabu buabua hawa tangu 1990, na thamani yote ya kazi ile ni kwamba hawakubadili mbinu kila walipobadilika watu.

Ndani ya mpaka tunatumia fremu, yaani umbo la kulaza chini lenye eneo linalojulikana. Kompyuta inachagua nukta kwa bahati nasibu, unatembea hadi hapo, unalaza fremu, unahesabu mayai. Kompyuta ndiyo ichague kwa sababu jicho la binadamu linapenda palipojaa. Kisha unazidisha wastani kwa eneo. Ukipata mayai mawili kwa mita ya mraba, hekta moja ina elfu ishirini, na hapo unaelewa kwa nini kosa dogo la mpaka linazaa kosa la maelfu. Makadirio ya miaka ya karibuni kwa kisiwa kizima ni jozi laki mbili hivi. Zetu za msimu huu zitatoka zikishapitiwa na wengine. Sitaziweka hapa nusunusu.

Kiota hakuna. Kuna kishimo kifupi kilichokwanguliwa kwa kifua kwenye changarawe nyeusi, na yai moja, la rangi ya maziwa lenye madoa ya kahawia, hakuna mawili yanayofanana. Nililala kifudifudi pembeni ya koloni saa za adhuhuri kumtazama mmoja. Hakuwa ameliatamia yai kwa maana tunayoijua ya kuku. Alikuwa amesimama juu yake, mdomo wazi akihema, mabawa yamelegezwa kidogo, kivuli chake kikiangukia yai barabara. Jua likisogea, naye anageuka. Mwamba ule ulikuwa hauwekeki kiganja. Saa kama hizo yai halihitaji joto hata kidogo, linahitaji mwavuli, na ukimfukuza mama au baba kwa dakika chache tu umelichemsha. Ndiyo sababu fremu zote tunazimaliza asubuhi mapema, na anayechelewa kuamka anabaki kambini kuosha vyombo.

Kofia ngumu ni lazima. Wanashuka kutoka nyuma na kupiga utosini, na wanachoachia njiani hakitoki kwenye shati.

Desemba, kabla ya Krismasi

Mashetani wawili wa mayai ni panya na kwezi wa Kihindi, yule yule aliyejaa miji ya pwani yetu. Kwezi anakuja mchana kweupe, anangoja buabua wawili wagombane, anatoboa yai, anaonja, anahamia la pili. Panya anafanya kazi usiku. Tumeweka mitego na kamera kwenye ukingo wa koloni la Waterside, na picha nyingi ni za panya na za kaa wa nchi kavu, ambao nao hawakatai kitu.

Panya inasemekana waliingia mwaka 1701, meli ya William Dampier, Roebuck, ilipozama ufukweni hapa. Kabla yao kisiwa hakikuwa na mnyama wa kuwinda ndege. Palikuwa na kindege wa ardhini asiyeruka, jamii ya kiluwiluwi, ambaye msafiri Mwingereza Peter Mundy alimwona na kumchora mwaka 1656. Leo amebaki mifupa.

[Marekebisho ya jioni: msomaji mmoja wa rasimu hii amesema “kiluwiluwi” kwake ni mtoto wa chura. Kweli. Nilimaanisha jamii ya kuku-ziwa, wale ndege wa matete wanaokimbia zaidi ya kuruka.]

Januari, siku ya mvua isiyotarajiwa

Hakuna kazi ya koloni leo, kwa hiyo nitaandika habari ya paka, maana bila hiyo mradi wetu hauna kichwa wala miguu.

Waingereza waliweka askari hapa mwaka 1815 kwa hofu kwamba Wafaransa wangekitumia kisiwa kumtorosha Napoleon, aliyekuwa amefungwa St Helena. Askari wakaleta paka ili wale panya. Paka wakaona panya ni taabu ya bure ilhali ndege wasiojua kuogopa wamejaa chini. Katika miongo iliyofuata firigeti, bubi (ndege wakubwa wa baharini wanaopiga mbizi), na wale weupe wenye mkia mrefu kama utepe walitoweka karibu wote kwenye ardhi kuu. Waliosalia walijibana kwenye majabali ya pembeni na kwenye Boatswainbird, kisiwa kidogo cha mwamba wima karibu na pwani ya mashariki, ambako paka hafiki. Buabua peke yao waliendelea kutaga bara. Walifaulu kwa wingi na kwa kasi: wanashuka kwa maelfu kwa wakati mmoja, wanataga, wanalea, wanaondoka kwa miezi, na paka hawezi kuweka akiba.

Hata hivyo binadamu naye aliongeza yake. Mwaka 1942 Wamarekani walipojenga uwanja wa ndege, buabua walikuwa wakitaga mwisho wa njia ya kurukia. Aliyeitwa kutoa ushauri ni Chapin huyo huyo, ambaye wasomaji wa Kongo wanamjua kwa jambo jingine: ndiye aliyemtambulisha tausi wa Kongo kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 1936. Mayai yalivunjwa kwa maelfu mpaka ndege wakahamia upande mwingine. Njia ikasalimika, vita vikaendelea.

Kuwaondoa paka mwitu kulianza 2002, kwa mitego na sumu, na 2006 kisiwa kikatangazwa hakina paka mwitu tena. Paka wa majumbani waliruhusiwa kubaki wakihasiwa na kuwekewa alama, lakini sehemu yao nao walikufa kwa sumu, na kuna wakazi ambao jambo hilo halijawatoka. Nawaelewa. Ukiniuliza kama ilistahili, nasema ndiyo, lakini simwambii hivyo mtu aliyezika paka wake.

Januari, safari ya Letterbox

Njia ya kwenda Letterbox, ncha ya mashariki, ni mwendo wa asubuhi nzima juani. Punda mwitu walitusindikiza kipande. Ni wazao wa punda wa kazi walioachwa, wembamba, wapole, wakitafuna hata karatasi. Mtu wa Lamu akiona punda anatulia moyo.

Firigeti wa Ascension hazaliani popote pengine duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa yanafika mita mbili, na mwili ni wa uzito wa kuku mdogo. Tangu enzi za paka walikuwa wakizaliana Boatswainbird tu. Kisha mwishoni mwa 2012 jozi mbili zikakutwa zimetaga huku ng'ambo, juu ya lava ya ardhi kuu, mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 150. Toka hapo koloni limekuwa likikua. Bubi wa uso mweusi walikuwa wamewatangulia. Hao walianza kurudi hata kabla paka wa mwisho hajaondolewa.

Tulikaa mbali, darubini juu ya mawe matatu. Kulikuwa na dume mmoja aliyejaza kifuko chake chekundu shingoni hadi kikamziba kifua, akitikisa kichwa na kugonga mdomo kwa sauti ya vijiti, jike akipita juu bila kushuka. Alikuwa amekalia mwamba mtupu. Aliendelea hivyo muda mrefu, kifuko kikipungua upepo na kujazwa tena, mpaka jike mwingine kabisa akatua hatua mbili kutoka kwake na kuanza kujisafisha manyoya kana kwamba hajamwona. Nikaandika “jozi? bado”. Wiki ijayo mwenzangu atapita kuangalia.

Kuna jambo ambalo wapenda firigeti hawapendi kulisema kwa sauti: ndege huyu anakula makinda ya buabua. Anapita chini juu ya koloni, anadaka kinda bila kutua, anaondoka. Tumemrudisha mwindaji juu ya koloni ambalo lenyewe tunalihofia. Mimi silioni kuwa tatizo. Waliishi pamoja kabla ya meli ya kwanza.

Februari, mwanzo

Makinda yamekuwa mengi, madoadoa meupe na kahawia, yanajikusanya makundi na kukimbilia vivuli vya mawe. Ukimshika kinda ili kumvisha pete anatapika, na matapishi hayo kwetu ni dhahabu: tunayakusanya kwenye vichupa vya spiriti. Cha jana kilikuwa na samaki wadogo wa rangi ya fedha ambao hawajayeyuka macho, na kipande cha ngisi chenye mdomo wake mweusi mgumu kama ukucha.

Vichupa hivi ndivyo vinavyobeba swali letu kubwa. Bubi na firigeti walirudi mara paka walipoondoka, kila mtu akashangilia, picha zikapigwa. Ilitegemewa buabua nao waongezeke, kwa kuwa paka walikuwa wakiwaua wakubwa kila usiku wa msimu. Lakini kundi la leo ni dogo kwa mbali kuliko lile la miaka ya 1940, na halijapanda kwa namna ambayo hadithi ya paka ingetabiri. Panya wanachangia, sawa. Lakini utafiti uliolinganisha manyoya ya zamani yaliyohifadhiwa makumbusho na ya sasa ulionyesha chakula chao kimebadilika: samaki wamepungua, ngisi na vitu hafifu vimeongezeka. Hilo haliletwi na panya.

Nilimpigia simu mjomba wangu aliyeko Faza, nahodha aliyestaafu, nikamweleza.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Huko kwenu kuna usingizi?”

Nikamwambia usingizi hakuna, kuna ndege. Nilipomwuliza kwa nini buabua wakose samaki baharini kote, alicheka.

“Sasa wewe umesoma bure? Yule ndege hapigi mbizi. Anaokota juu juu. Dagaa atakujaje juu bila kufukuzwa? Jodari ndiye anayempandisha. Ukivua jodari wote, ndege atabaki anatazama maji.”

Ndivyo ilivyo, na ndivyo wataalamu wanavyoshuku pia: buabua masizi wanategemea jodari na samaki wakubwa wa kundi lake kusukuma samaki wadogo hadi usoni mwa bahari. Mwaka 2019 kisiwa kilitangaza eneo la hifadhi ya bahari la zaidi ya kilomita za mraba 440,000, ambamo uvuvi wa kibiashara ni marufuku. Ni hatua kubwa. Ila jodari wanahama na buabua nao wanaruka mbali, na mstari wa ramani hawauoni.

Kwa hiyo msimamo wangu, ambao si lazima uwe wa timu: kuondoa paka kulikuwa kazi ya nchi kavu na imekwisha vizuri. Kilichobaki kwa buabua kiko majini, na fedha za kuhesabu mayai zisipoandamana na fedha za kujua wazazi wanakula wapi, tutaendelea kupima homa bila kumwuliza mgonjwa amekula nini.

Februari, katikati

Kwa ndugu wa Baringo, Garissa na Tana River: mathenge, ule mti wa miiba, yuko hapa. Ndiye yule yule, Prosopis juliflora, aliyeletwa kupendezesha makazi, na sasa anateremka mabondeni kuelekea fukwe na tambarare. Punda wanakula maganda yake matamu na kupanda mbegu kila wanapokwenda haja, kama mbuzi wanavyofanya kwetu. Wenzangu walishangaa nilipoutambua mti kabla ya kuonyeshwa. Buabua wanataka ardhi tupu. Mathenge akiingia tambarare, hawatagi. Kwa sasa ukingo wa koloni la Waterside una miche michache tu, na tunangoja makinda yaondoke ndipo tuing'oe, kwa mikono, na mzizi wote. Ukikata juu unamchochea, waulizeni watu wa Marigat, kule Baringo.

Februari, mwisho

Makinda ya kwanza yanajaribu mabawa dhidi ya upepo wa alasiri. Tumemnasa mkubwa mmoja kwa wavu wa mkono akiwa na pete iliyosagika hadi namba hazisomeki kwa macho. Tumemvisha mpya mguu wa pili, na ya zamani tumeipiga picha kwa mwanga wa pembeni. Tarakimu nne zimejitokeza, moja inabishaniwa kama ni 3 au 8. Nimepeleka picha kwa watunza kumbukumbu za pete.

Yaliyobaki kabla ya kufunga: kurudia fremu za mafanikio ya makinda kwenye koloni zote mbili, kuondoa mitego ya panya na kupima waliomo, kuorodhesha vichupa vya spiriti na kuvifunga kwa ajili ya maabara, kung'oa mathenge Waterside. Ndege ya St Helena ni mara moja kwa mwezi, na vichupa vinahitaji kibali cha mizigo ambacho bado hakijasainiwa. Kesho asubuhi naenda kukifuatilia Georgetown, mji mkuu wa hapa.